Bustani Iliyofungwa Saa Kumi na Mbili: uchambuzi wa ukarabati wa bustani moja ya kaunti, Mombasa

Kisa hiki kinahusu bustani ya umma iliyo kando ya bahari kisiwani Mombasa. Jina lake, mtaa, mwanakandarasi na idara zilizohusika vimeondolewa, na baadhi ya vipimo vimebadilishwa kidogo ili isitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya maafisa wa bustani, mafundi, wawakilishi wadi na kamati za mitaa zitakazoletewa mchoro wa aina hii wautie sahihi.

Mahali na asili yake

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti bustani za umma, fuo na sehemu za burudani. Kabla ya kaunti kuanza kazi 2013, bustani za Mombasa zilikuwa chini ya baraza la manispaa, na urithi ulioachwa ni wa namna mbili. Kuna bustani za mapambo, zilizopangwa kupendezesha barabara na majengo ya serikali: ile ya Pembe za Ndovu kwenye Barabara ya Moi, na ile ya Treasury Square iliyo na sanamu ya Allidina Visram. Na kuna sehemu za kupunga upepo, ambazo hakuna aliyezichora. Watu walizifuata wenyewe kwa sababu ya bahari na kivuli cha mibuyu, na wachuuzi wakawafuata watu. Mama Ngina Drive, zamani Azania Drive, ndiyo mashuhuri zaidi kati ya hizi.

Bustani yetu ni ya namna ya pili. Ina mibuyu kadhaa, minazi, mikungu (miti ya kungu), na mabaki ya ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa. Upande huu wa kisiwa una historia ndefu. Mji wa kale wa Tuaka ulikuwa upande wa Kilindini, na Wareno waliacha ngome ndogo Ras Serani, mbali na Fort Jesus yenyewe iliyoanza kujengwa 1593. Kwa hiyo popote utakapochimba zaidi ya mita moja karibu na mibuyu mikubwa, tarajia kukutana na kazi ya mikono ya waliotangulia.

Mwaka 2019 ukarabati wa Mama Ngina ulikamilika kwa gharama iliyotangazwa ya shilingi milioni 460, na Sikukuu ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba ikaadhimishwa pale. Tangu hapo kila bustani ya pwani imetakiwa ifanane nayo, hata kwa pesa kidogo. Mchoro wa bustani yetu ulikuwa umeiga mengi: sakafu ya kabro (vitofali vya saruji vya kutandika chini), uzio wa vyuma, taa za sola, vibanda, uwanja wa watoto na vyoo.

Hali kabla ya kazi

Mchana bustani ilikuwa karibu tupu. Ilianza kujaa baada ya Alasiri, jua likishaelekea bara. Familia zilitandika mikeka chini ya mibuyu, vijana walikaa ukutani, na wachuuzi wakajipanga kando ya barabara: madafu, mihogo ya kukaanga na ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, viazi karai, mabuyu, achari, na mzee mmoja mwenye dele la kahawa na sahani ya kashata. Kilele kilikuwa kati ya Maghribi na saa tatu usiku. Jumapili na siku za Idd watu walijaa hata magari yakashindwa kupita, na mwezi wa Ramadhani walianza kuja baada ya futari na tarawehe.

Malalamiko yalikuwa matatu, na yote yalikuwa ya kweli: giza lililovutia vibaka, ukosefu wa choo, na taka, hasa maganda ya madafu.

Ziara za upimaji zilifanywa asubuhi, kati ya saa tatu na saa sita. Katika picha zilizoambatanishwa na mchoro haonekani mtu hata mmoja. Mengi yaliyoharibika baadaye yanaanzia kwenye picha hizo.

Mfuatano wa mambo

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Zabuni ilichelewa, mkataba ukatiwa sahihi Februari, na kazi ikaanza Machi. Ili pesa zisirudi hazina, ilibidi zitumike kabla ya mwisho wa Juni. Mombasa masika huanza mwishoni mwa Machi, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Kazi ya zege na udongo, inayotaka ukavu, iliangukia papo hapo kwenye mvua.

Mwezi wa kwanza bustani ilizungushiwa mabati. Wachuuzi waliambiwa wahame kwa muda na hawakuonyeshwa pa kwenda, wakahamia ng'ambo ya barabara.

Mwezi wa pili, wachimbaji wa shimo la maji machafu ya vyoo walikuta jiwe lililochongwa, kisha msingi wa ukuta wenye chokaa. Kazi ya pale ilisimamishwa, na Makumbusho ya Taifa yakaarifiwa. Wengi waliona huu ni usumbufu, lakini ndiyo hatua iliyofuata utaratibu kuliko zote katika mradi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inalinda mabaki ya kale, na atakayefukua kitu cha kale anawajibika kutoa taarifa. Msingi ulipimwa, ukachorwa, ukafunikwa tena kwa mchanga. Shimo likahamishiwa sehemu ya chini zaidi, upande wa jabali.

Aprili na Mei kabro iliwekwa, viti vya zege vikamwagwa na uzio ukasimikwa. Wiki ya mwisho ya Juni vifaa vya watoto vilifungwa, nyasi zikatandikwa na bustani ikazinduliwa. Geti lilipangiwa kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni.

Maamuzi na sababu zake

*Uzio na saa za kufunga.* Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Askari wa kaunti walikuwa wa zamu moja ya mchana, na hapakuwa na fungu la zamu ya usiku. Mombasa jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arubaini na kitu, mwaka mzima. Saa iliyochaguliwa ya kufunga ilikuwa basi ile ile ambayo watu huanza kufika.

*Kabro hadi shina la mbuyu.* Mchoro ulitaka usafi, watu wasikanyage tope. Mbuyu mkubwa kuliko yote ulikuwa na mzingo wa mita 9. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo cha karibu mita 2.9. Kipimo kinachotumiwa Uingereza kulinda mizizi wakati wa ujenzi ni mara 12 ya kipenyo cha shina, kisichozidi mita 15 kutoka shinani. Kwa mti huu mara 12 ni zaidi ya mita 34, kwa hiyo inashikwa mita 15 kamili. Mkataba uliacha mita 1. Ili kupata tabaka la kokoto na moramu chini ya kabro, udongo ulichimbwa sentimita 30 kisha ukashindiliwa kwa mashine. Mizizi ya mbuyu hutambaa karibu na uso wa ardhi na kwenda mbali kupita matawi, hasa hapa ambapo chini ya udongo mdogo kuna jabali la matumbawe. Ile iliyokutwa ilikatwa kwa panga.

*Viti vya zege.* Vilichaguliwa kwa kuwa haviibiwi. Hoja ni nzuri. Tatizo lilikuwa katika kuvimwaga: mchanga uliletwa kutoka ufuoni bila kuoshwa, maji yakatekwa kwenye kisima cha karibu, na visima vingi vya kisiwani ni vya maji ya chumvi. Zege lililofunika nondo lilikuwa na unene wa sentimita 2, na mahali palipo usoni mwa bahari panahitaji sentimita 5. Chumvi iliyomo ndani ya zege haingoji upepo wa bahari. Huanza kula chuma mara moja. Mvua nayo ilinyesha juu ya zege bichi, simenti ya juu ikasombwa na kokoto zikabaki wazi.

*Nyasi.* Mshauri kutoka bara aliandika nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu zenye baridi. Ukoka uliokuwepo, ambao hustahimili jua, chumvi na kukanyagwa, uling'olewa.

*Uwanja wa watoto.* Bembea nne, mtelezo mmoja wa bati la chuma na fremu ya kupandia. Vyote vilitengenezwa na fundi wa kuchomelea wa mtaani, uamuzi ambao tunautetea, kwa sababu kifaa kikivunjika anayekijua yuko karibu. Ila hakupewa vipimo. Nafasi kati ya vyuma vya fremu ilikuwa sentimita 12. Nafasi yoyote kati ya sentimita 9 na 23 ni ya hatari: mtoto mdogo hutanguliza miguu na kupitisha mwili, kichwa kikakwama. Mtelezo ulielekezwa magharibi, bila kivuli.

*Vyoo.* Matundu mawili ya wanaume, mawili ya wanawake, tangi moja la lita 5,000. Hesabu ilikuwa ya kuvuta maji na kunawa mikono tu. Udhu haukuhesabiwa, na hii ni Mombasa, kwenye bustani inayojaa wakati wa Maghribi.

Matokeo

Uzio ndio ulioonyesha kasoro zake mapema zaidi. Geti likifungwa, watu walikaa nje ya vyuma, kwenye ukingo wa barabara, migongo yao ikiwa kwenye bustani iliyowagharimu kodi zao. Wachuuzi walibaki ng'ambo, wateja wakawa wanavuka barabara na watoto mikononi gizani. Ndani, taa za sola ziliwaka juu ya kabro tupu, na vibaka wakapata uwanja wao wenyewe: waliruka uzio na kuiba bati la kibanda, vifuniko vya mifereji na betri mbili za taa.

Mtelezo haukukalika kati ya saa saba na saa kumi na moja. Chini ya bembea palitandazwa mchanga wa sentimita 8 juu ya kokoto zilizoshindiliwa. Kwa anguko lisilozidi mita 2, kiwango cha Ulaya kinataka mchanga wa sentimita 20, na 10 za ziada kwa sababu miguu ya watoto huusukuma pembeni. Baada ya wiki chache kokoto zilionekana katikati ya kila bembea, pale pale mtoto anapotua. Minyororo ilikuwa imechovywa zinki vizuri, lakini pete za juu zilichomelewa baadaye na moto ukaunguza zinki, kwa hiyo kutu ilianzia kwenye viungo hivyo. Pete moja ilipokaguliwa ilikuwa imelika nusu ya unene wake, upande wa ndani tu, mahali usipopaona ukiwa umesimama chini. Lazima upande ngazi na kuupitisha mkono.

Vyoo vilishinda salama hadi Idd ya kwanza. Siku hiyo geti liliachwa wazi hadi usiku kwa agizo maalumu. Bomba la kawaida la kuzungusha hutoa takriban lita 6 kwa dakika. Mtu akitawadha kwa dakika mbili bila kufunga, lita 12 zimekwenda. Kwa kopo zingetosha lita moja au mbili. Tangi lilikauka kabla ya Isha, na kwa kuwa maji ya mji huja kwa zamu, halikujaa tena hadi kesho yake. Na maji yaliyotumika yalikwenda wapi? Yote yaliingia kwenye lile shimo lililohamishiwa sehemu ya chini. Masika yaliyofuata shimo lilipokea pia maji ya kabro yote iliyokuwa imeinamia upande huo, likafurika kwenye njia ya watembea kwa miguu. Kuhamisha shimo ili kunusuru ukuta wa kale kulikuwa sahihi. Kulihamisha bila kugeuza mwinamo wa sakafu ndiko kulikoleta uvundo.

Nyasi zilikauka wakati wa kaskazi, Januari na Februari. Ukoka ulirudi wenyewe pembeni, bila kupandwa na mtu. Viti vilitoa madoa ya kutu baada ya masika ya pili, kisha zege likaanza kumeguka miguuni. Mbuyu mkubwa ulichipua majani machache upande uliowekewa kabro, na shina likawa laini ukilibonyeza karibu na ardhi. Mwaka wa tatu tawi moja nene lilianguka usiku. Hakuumia mtu, kwa sababu geti lilikuwa limefungwa. Ndiyo faida pekee tuliyoipata katika kumbukumbu za uzio ule.

Marekebisho

Mwaka wa pili kamati ya mtaa, ikiwa na wawakilishi wa wachuuzi, ilikubaliana na idara mambo kadhaa. Tunayaeleza kwa urefu usiolingana kwa sababu hata matokeo yake hayakulingana.

Saa ya kufunga geti ilisogezwa hadi saa nne usiku, na askari wakagawanywa zamu mbili bila kuongezwa idadi: asubuhi alibaki mmoja, jioni wakawa watatu. Hii haikugharimu chochote ila ubishi, nayo ndiyo iliyobadilisha bustani kuliko kazi yoyote ya saruji. Wizi wa vifuniko ulikoma.

Wachuuzi walirudishwa ndani, lakini kwa mpangilio wa upepo. Hapa kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Pepo zote mbili hutoka baharini. Wenye majiko ya mihogo na viazi karai waliwekwa upande wa bara, cheche na moshi viende barabarani badala ya kwenda kwa watoto. Wa madafu, kahawa na achari waliruhusiwa karibu na viti. Kila mwenye karai alitakiwa kuwa na mtungi wa mafuta yaliyotumika, kwa kuwa zamani yalimwagwa shinani mwa miti au mferejini.

Maganda ya madafu yalihitaji fikra zaidi. Dafu lililokatwa juu likitupwa wima ni kikombe. Mvua ikinyesha linajaa, na mbu wa Aedes, yule wa mchana mwenye mistari myeupe anayeeneza dengi na chikungunya, hutoka kwenye yai hadi kuruka kwa siku saba hadi kumi. Mombasa imekwisha kuonja magonjwa yote mawili. Kanuni iliyowekwa ni nyepesi: muuzaji akipokea dafu lililonywewa hulipasua vipande vinne kwa panga lile lile na kuvilaza uso chini kwenye kreti, na mkokoteni huzoa mara mbili kwa wiki. Kupasua vipande viwili hakutoshi, kila nusu bado hushika maji. Mwanzoni wauzaji walilalamika kuhusu kazi ya ziada. Walipogundua kwamba vipande vilivyokauka hununuliwa kama kuni, malalamiko yakaisha.

Vyoo viliwekewa mabomba ya kubonyeza yanayojifunga yenyewe, na nje, ukutani, kukajengwa baraza fupi ya kutawadhia yenye mabomba manne ya chini, moja likiwa limezungushiwa stara kwa ajili ya wanawake. Maji yake hayaendi shimoni. Yanapita kwenye mfereji wa kokoto hadi mikunguni. Tundu moja la wanaume liligeuzwa kuwa la wanawake. Foleni ilipungua, haikuisha.

Mtelezo uligeuzwa uelekee mashariki, ukasogezwa chini ya mkungu. Mkungu hustahimili chumvi na kivuli chake ni kizito, ila hudondosha majani makubwa na kungu zinazoliwa na popo usiku, kwa hiyo sehemu hiyo hufagiliwa kila asubuhi kabla ya watoto. Viti viwili vilivyokuwa chini ya minazi vilihamishwa, na mkwezi hulipwa kila baada ya miezi mitatu kuangua nazi na kukata makuti makavu. Nazi huchukua karibu mwaka kukomaa, kwa hiyo zamu nne kwa mwaka zinatosha kabisa.

Kabro kuzunguka mbuyu iliondolewa kwa mkono, bila mashine, hadi mita 6 tu. Pesa ziliishia hapo. Udongo ulilegezwa kwa uma na kufunikwa kwa majani makavu, na shina likaachwa bila udongo kuliegemea.

Kilichofaa, kilichoshindikana, na kwa nini

Ukiangalia orodha ya makosa unaweza kudhani mwanakandarasi alikuwa mbovu. Hatudhani hivyo. Alifuata mchoro, na alimwaga zege Mei kwa sababu mkataba ulimlazimisha amalize Juni. Mradi uliendeshwa kwa kalenda ya ofisi, na bustani inaishi kwa kalenda ya pwani. Mkataba wa kazi ya nje Mombasa unaotiwa sahihi Februari ni mkataba wa kufanya kazi kwenye masika. Ukilazimika kuutia, gawa kazi: kabla ya Juni lipia vitu vinavyotengenezwa karakanani, yaani bembea, uzio, milango na matangi; udongo na zege viingie bajeti ya Julai na vifanywe Agosti na Septemba, kabla ya vuli. Bustani nyingine ya kaunti hiyo hiyo ilifanya hivyo baadaye, na viti vyake havina doa.

Fungu la matunzo nalo lina mwezi wake. Uharibifu mwingi hutokea Aprili hadi Juni, na mwaka wa fedha ukianza Julai pesa hazifiki kwa mafundi mpaka miezi mingine ipite. Shimo lililochimbwa na mvua za masika hukaa wazi hadi karibu na vuli. Kamati iliomba fungu dogo la dharura litengwe Machi, kabla mvua haijaanza. Mwaka wa kwanza lilitengwa, wa pili likasahauliwa.

Vifaa vya chuma vilivyo karibu na bahari havihitaji rangi mpya kila mwaka kama inavyopendekezwa mara kwa mara, vinahitaji kuoshwa. Ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi na kitambaa, mara moja kwa mwezi, na mara mbili wakati wa kusi. Palipochomelewa pasuguliwe hadi chuma king'ae, kisha papakwe rangi yenye zinki nyingi, tabaka mbili, siku isiyo na upepo mkali. Pete za bembea zibadilishwe zikilika theluthi moja ya unene. Usingoje nusu.

Na upimaji ufanywe jioni. Afisa aende Jumapili saa kumi na moja, akae hadi saa tatu, ahesabu mikeka, aone foleni ya choo iko wapi, moshi unaelekea wapi, watu wanatawadhia wapi na taa ipi inamulika nini. Saa nne za namna hiyo zingefuta nusu ya mchoro ule kabla haujachapishwa.

Mbuyu haujulikani utakuwaje. Mwaka wa nne ulitoa majani pande zote, membamba upande wa kabro, na ulaini wa shina haukuongezeka kwenye alama zilizowekwa kwa chaki. Mita 9 zilizobaki za kabro zimeombwa katika bajeti mbili mfululizo. Kwa sasa mti umezungushiwa kamba, mita 10 kutoka shinani, na wanaotandika mikeka wamesogea kwenye mikungu.